Kadi za Enid Holroyd

Enid Holroyd alipika chakula cha shule moja ya msingi mjini Colne, Uingereza, kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna mwalimu aliyegundua kwamba mama yule mwenye mwiko alikuwa akiwachukulia maneno yao. Mwalimu akija dirishani na kusema jambo, Enid anampakulia viazi, anaitikia, kisha akipata nafasi anafuta mikono kwenye aproni na kuandika kwenye kadi. Hakuwa mmbeya. Habari yenyewe haikumhusu ndewe wala sikio. Alichotaka kujua ni kitenzi gani kimekuja, na kimefuatana na nani.

Kazi hiyo aliiona gazetini. Wachapaji wa kamusi ya wageni wanaojifunza Kiingereza walitafuta watu wa kawaida wenye masikio, wasikilize namna watu wanavyosema na kuandika: kitendo hiki hushikana na kitu gani, na kikikolezwa hukolezwa kwa neno lipi. Maana Waingereza, kama watu wote, wana mambo yao. Kwao mtu aliyezama usingizini husemwa kuwa amelala kwa kasi, kama vile yuko mbioni. Mvua ikizidi hunyesha kwa ugumu. Kitanda hukitengeneza kila asubuhi hata kama hakikuvunjika. Ukiwauliza kwa nini, wanakutazama tu. Nasi tusiwacheke sana, maana tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, na hakuna hata kimoja kilichowahi kulalamika. Maneno yalioana zamani, na washenga wamekwisha kufa.

Kila mwezi Enid alituma bahasha, na nakala akaziweka katika makasha ya viatu chini ya kitanda. Kila kadi ilikuwa na sentensi, jina la msemaji, mahali na tarehe. Sharti lilikuwa moja: jina la mtu likitokea ndani ya sentensi, likatwe kwa mstari, kwa sababu kamusi haina haja ya majina.

Mumewe Wilf, fundi wa mabomba na mfugaji wa njiwa wa mashindano, aliuona huo ni wazimu wa kistaarabu.

"Bibie, maneno hayaibiwi," alikuwa akimwambia. "Sasa unayaficha uvunguni ya nini?"

Kisha anaketi, anavua viatu, na kusema sentensi aliyoisema kila jioni kwa miaka arobaini na sita: "Bandika chai, Enid."

Naye Enid anatoa jibu la kila jioni: "Bandika mwenyewe, una mikono."

Halafu anakwenda kubandika. Ziko siku ambazo sentensi ile ilimkera hata akatamani kumtupia birika.

Mwezi wa Novemba, Wilf alipatwa na kiharusi akiwa bandani kwa njiwa wake. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelala, na mdomoni amebakiwa na neno moja tu. Neno lenyewe ni "Jumanne". Kwa nini Jumanne, hata madaktari hawakujua. Ukimuuliza kama anataka mkate, Jumanne. Akikasirika, Jumanne mara tatu. Norris, jirani yake na mpinzani wake wa njiwa, alikuja kumjulia hali akaanza utani palepale mlangoni.

"Wewe Wilf! Njiwa wako jana wamefika wamechoka, utadhani wamekuja kwa miguu."

Wilf akamtolea Jumanne moja nzito ambayo haikuhitaji mkalimani. Norris akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha akageukia dirishani kuyafuta.

Na Enid naye akawa Jumanne. Uswahilini angalau hilo ni jina la mtu, japo la mwanamume. Kule ni siku ya wiki tu. Iliuma. Hayo maneno mengine yote angeweza kuyasamehe. Alilolitaka ni moja, jina lake, kutoka kwa mtu aliyeliita maisha yake yote. Alilala akiliwazia na kuamka akiliwazia.

Imogen, binti mtaalamu wa usemi aliyetumwa na hospitali, alikuja kila Alhamisi. Alikuwa mkweli.

"Bi Enid, nisikufiche," alisema mwezi wa Januari. "Mimi nimebakiwa na safari nane tu za kuja hapa. Maneno yanaweza kurudi. Yanaweza pia yasirudi."

Siku moja ya Februari upepo ulikuwa mzuri na Enid akaanika. Mara wingu likajikusanya juu ya kilima. Enid akaruka kutoka kitini, akasema, "Mvua hiyo! Ngoja nikaanue..." na hapohapo akajikwaa kwenye zulia, akanyamaza akishika meza.

"Nguo," akasema Wilf.

Walitazamana. Nguo zile zililowa chapachapa siku hiyo, na hakuna aliyezijali.

Imogen aliposikia, alikaribia kupiga kelele. "Neno likiwa peke yake haliioni njia, Bi Enid. Lakini lile lililozoea kwenda na mwenzake, mwenzake akitangulia, linavutwa. Laiti tungekuwa na orodha ya maneno kama hayo!"

Enid aliinuka. Alipanda ngazi, akarudi na kasha la viatu. Akapanda tena. Kasha la kumi na moja lilipotua sebuleni, Imogen alikuwa ameketi sakafuni.

"Na mengine yapo," Enid akasema.

Tangu hapo, kila asubuhi baada ya uji, walikaa wawili na makasha yao. Enid anasoma kadi, anaacha neno la mwisho. Mtoto amelala... "fofofo." Ukumbi umejaa... "pomoni." Osha... "vyombo." Funga... "mlango." Mara nyingine Jumanne ilipenya, na Wilf akaipunga kwa mkono wake mzima kama anayefukuza paka bandani. Kufikia mwisho wa Machi alikuwa na maneno mia mbili na kitu, na Norris alitukanwa vizuri kabisa, akafurahi.

Lakini jina halikuja. Enid alijaribu kujionyesha kidole. Alijaribu picha ya harusi. Jumanne.

"Majina ndiyo magumu," Imogen akasema katika ziara yake ya mwisho, akivaa koti taratibu. "Hayana mwenza. Yanasimama peke yake, hakuna wa kuyavuta."

Enid alimsindikiza, akarudi akapanga kadi ili asilie. Katika kasha la mwaka wa themanini na saba, kati ya sentensi ya mwalimu wa hesabu na ya muuza samaki, alikuta hii: Bandika chai. Kisha neno lililokatwa. Wilf, jikoni, tarehe tisa Februari. Siku hiyo lazima alikuwa na hasira, maana mstari ulipigwa mara mbili na kalamu ilikaribia kutoboa kadi.

Akaichukua. Kisha akaenda kuketi mkabala na mumewe, magoti yao yakigusana.

"Bandika chai..." akasema.

"Jum..." Wilf akaanza, akatikisa kichwa, akafumba macho.

"Bandika chai..."

"Enid," akasema Wilf.

Alilisema lilelile, kwa sauti ileile ya mtu anayevua viatu. Furaha ilimpanda Enid, na alitaka kusema jambo la maana, linalolingana na saa hiyo. Lakini mdomo wake nao ulikuwa na mazoea yake.

"Bandika mwenyewe, una mikono."

Maneno yalipokwisha kutoka ndipo akashtuka, akautazama ule mkono wa kulia uliolala juu ya mto. Wilf naye akautazama. Kisha akainua wa kushoto, akaunyosha mbele ya uso wa mkewe.

"Mmoja," akasema.

Neno hilo hakuna aliyemtangulizia. Halikuwa kwenye kadi yoyote. Enid alicheka na kulia kwa pamoja, akamwita mzee mjinga, akaenda kubandika chai. Kabla maji hayajachemka alichukua kadi mpya, akaiandika sentensi ile upya kwa tarehe ya leo, na jina hakulikata.