Magari ya Léonce

Mume wangu Léonce akisema "magari yangu", usimdhanie tajiri. Hana gari hata moja. Leseni anayo, ya Burundi, imechakaa mpaka kwenye picha yamebaki masikio tu. Lakini ukimkuta asubuhi kule Point, kwenye pakingi ya ufukweni, amevaa kizibao chake cha manjano chenye mistari ya kung'aa, atakuonyesha kwa mkono msururu mzima wa magari ya watu na kukuambia, bila hata kutabasamu, kwamba haya ni yake na yale ya ng'ambo ni ya Pontien. Ndivyo wanavyosema wachunga magari wa Durban. Kila mtu ana laini yake, na gari likishaegeshwa kwenye laini yako ni lako. Mwenyewe akishuka kwenda kuogelea, Léonce anamwambia, "Enda tu, niko naangalia." Akirudi atatoa chochote, au hatatoa kitu, na Léonce atasema "sharp", yaani poa, kwa vyovyote vile.

Mimi ni Marie, mtu wa Uvira, Kongo, nasuka nywele saluni hapo karibu. Nimekula bugali na mtu huyu miaka mingi, na nawaambieni ule ugonjwa wa kuchunga hautoki mtu akivua kizibao. Nikitumwa na njaa yangu kwenda dukani, ananisindikiza kwa macho kutoka dirishani hadi nipite robot, zile taa za njia panda. Kanisani anakaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, shingo imegeukia nje. Nimemgombeza mara ngapi. Nimemwambia Mungu hakuja na gari hapa, tazama mbele. Anatazama mbele dakika moja, halafu shingo inarudi nje.

Zamani Bujumbura alikuwa dereva wa lori. Vita vilimchukua mke wake wa kwanza, vikamwachia mtoto wa miaka minne, Irakoze. Njia ilipopatikana, dada yake Estella alikuwa anaondoka kwenda Ubelgiji, na Léonce akampa mtoto amshikie kidogo, jinsi unavyompa mtu mfuko ukiwa unafunga kamba ya kiatu. Yeye akashuka kusini, Tanzania, Malawi, Msumbiji, akatokea huku. Alidhani ni mambo ya miezi. Ikawa miaka kumi na tisa, na yule mtoto akawa sauti ya Jumapili kwenye simu.

Kiswahili cha Irakoze kilikuwa kimekonda, masikini, Kirundi ndiyo usiseme. Wakawa wanaongea kwa maneno machache yale yale, kidogo na Kifaransa. Alipomuuliza baba yake anafanya kazi gani, Léonce akamjibu, "Niko na magari, mwanangu." Mangapi? "Leo arobaini. Jumapili yanafika sitini." Nilikuwa nimekaa hapo hapo nachambua mchele na wala sikushtuka, kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Jumapili yanafika sitini.

Mwaka 2015 Irakoze akatangaza ndoa. Bwana arusi ni mtoto wa Wareno, amezaliwa hukohuko Brussels, na ndoa ilikuwa mwezi wa sita. Alitaka kiti cha baba kisikae wazi. Basi kabla tiketi haijafika, huku Durban ukaingia ule mwezi wa nne ambao kila mgeni anaukumbuka. Wageni wakapigwa na wenyeji, maduka yakavunjwa, wengine wakahamia kwenye mahema. Sisi tulijifungia ndani, tukila maharage na kusikiliza kama kuna miguu inapanda ngazi. Irakoze aliyaona yote kwenye televisheni. Tiketi ilipokuja, ilikuja na neno lingine. Simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia mwenyewe. Alimwambia, Papa, ukifika, usirudi huko tena.

Tiketi ilikuwa ya mtu mmoja, na tarehe ya kurudi iliwekwa kwa ajili ya viza tu. Mimi nikaendelea kukoroga sombe, ile mboga yetu ya majani ya muhogo, kama sijasikia. Sikumzalia Léonce mtoto. Damu yake yote iko kule, na huku iko mimi na kizibao. Niliogopa, na sioni aibu kusema. Niliogopa kwamba huyu mtu ataondoka na mfuko mmoja na mimi nitabaki kumsikia Jumapili kwenye simu.

Kulikuwa na shida nyingine: laini isiyo na mtu haikai siku mbili kabla hajaingia mwingine. Nikamwambia nitaacha kiti changu cha saluni, nitaisimamia mimi. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaona nimeshachukua kile kizibao na kukipima, kinanifika magotini. Siku ya kwenda uwanja wa ndege alikuwa na koti alilopewa na rafiki yetu Ruphin, yule muuza simu. Nikamwambia, "Enda tu, niko naangalia." Safari hii hakucheka.

Alifikia kwa Irakoze, mtaa wa Etterbeek, si mbali na katikati ya Brussels. Simu ya kwanza alikuwa ananong'ona. Nikamuuliza kwa nini ananong'ona, kuna mgonjwa? Hapana, akasema, ni mtaa tu, mtaa wenyewe umenyamaza. Nyumba zimeshikana mabega njia nzima, za matofali mekundu, kila moja na ngazi tatu nne mbele ya mlango na maua ya ndoo. Saa nne za usiku jua bado liko, na watu wanavuta mapazia ili walale. Huku kwetu saa kumi na moja na nusu ni giza na mimi nilikuwa nimesimama pakingi meno yakigongana, naye ananipa habari za mapazia.

Lakini alianza kuupenda ule mtaa, nikausikia kwenye sauti. Chini ya ghorofa ya Irakoze anaishi bibi mmoja wa Kimoroko, mjane, kila Ijumaa anapandisha bakuli la kuskusi kwa majirani bila kuuliza nani anasali wapi. Kona ya kwanza iko Mreno wa mikate. Kona ya pili iko saluni ya mama wa Bukavu, Léonce alisimama nje akisikiliza Kiswahili mpaka mama akatoka kumuuliza kama anataka kusukwa, na kichwa chenyewe ni upara. Mtu akipita anakusalimia kwa sauti ndogo, mmoja Kifaransa, mwingine Kiarabu, mwingine Kipolandi. Akaniambia hajawahi kuona mataifa mengi hivyo yakikaa bila kupigiana kelele.

Kitu kimoja tu kilimnyima usingizi. "Marie," aliniambia, na sasa alikuwa ananong'ona kweli, "magari yanalala nje. Njia nzima. Hakuna mtu anaangalia."

Nilimwambia ayaache, yana bima, yana serikali yake. Wapi. Kesho yake asubuhi alikuwa amekaa kwenye ngazi na koti la Ruphin, anayatazama. Bibi wa Kimoroko akaja na kigari chake, akitafuta kukiingiza nyumanyuma kwenye kipenyo kati ya magari mawili. Léonce akawa ameshasimama nyuma yake, mikono juu, njoo, njoo, kata kushoto, basi. Bibi alipomwona mtu mweusi mrefu anapunga mikono kwenye kioo, akafunga milango yote, akabaki ndani mpaka Irakoze aliposhuka kumtoa. Irakoze alicheka siku hiyo, akamweleza bibi kwamba baba yake anapenda magari kwa sababu ndiyo biashara yake. Tangu hapo bibi akawa akifika anapiga honi kidogo, na Léonce anashuka.

Mimi huku ndiyo nikasikia lile neno, biashara. Nikamuuliza, Léonce, huyo mtoto anadhani wewe ni nani? Akasema, "Anadhani mimi ni baba yake." Eish, mwanaume huyu.

Jumamosi kabla ya ndoa wakwe wakaja kumsalimia. Baba wa bwana arusi ana gereji, mtu wa mikono mikubwa, na alikuwa amemsubiri Léonce kwa hamu. Wakasimama nje kwenye ngazi maana ndani kulijaa. Mkwe akamuuliza Durban ana magari ya aina gani. Léonce akajibu kwa moyo mweupe: Toyota nyingi, BMW kiasi, Mercedes Jumapili. Mkwe akauliza mafundi anapata wapi. Léonce akasema hiyo ni juu ya wenyewe. Mkwe akakunja uso, akidhani Kifaransa cha Burundi ndicho kigumu.

Hapo honi ikalia. Bibi wa Kimoroko. Léonce akaomba radhi, akashuka, mikono juu, njoo, njoo, basi. Gari likaingia. Na bibi siku hiyo, kwa kuwa ni sikukuu ya watu na yeye ana roho nzuri, akafungua dirisha akampa sarafu. Sasa mikono ya mume wangu ina miaka kumi na nne kwenye kazi hii. Haikumwuliza mwenyewe. Ilijikutanisha viganja viwili, ikapokea, goti likashuka kidogo, na mdomo ukasema, "Sharp, mama. Enda tu, niko naangalia."

Hakuna aliyeelewa maneno, lakini viganja kila mtu alivielewa. Akageuka na kukuta wakwe wote wanamtazama kutoka juu ya ngazi, na Irakoze katikati yao amepauka. Mtoto akamuuliza kwa Kifaransa, taratibu, yale magari arobaini ni ya nani. Léonce akasema ni ya watu. Akamuuliza kwa nini basi alisema ni yake.

"Sikukudanganya," Léonce akamwambia. "Gari ni langu mpaka mwenyewe arudi. Hata likigongwa ni mimi nalia. Shangazi yako Estella naye ni hivyo hivyo. Ulikuwa wake mpaka nirudi."

Irakoze akaingia ndani. Akajifungia chumbani. Usiku ule Léonce alinipigia akanisimulia yote, na mimi niliyekuwa nimepanga maneno makali nikamuuliza tu kama amekula.

Siku ya ndoa, kwenye ukumbi wa parokia, mtaa mzima ulikuja: bibi na kuskusi, Mreno na mikate, mama wa Bukavu na wasusi wake wote. Irakoze akasimama na gauni lake, akasema mbele ya wakwe na majirani kwamba baba yake anachunga magari ya watu Durban, mchana kutwa juani, na kwamba yeye mwenyewe alichungwa miaka kumi na tisa na leo mwenye mali amefika. Mkwe wa gereji ndiye aliyeanza kupiga makofi. Halafu mtoto akamgeukia baba yake, na hiki Léonce alinipigia usiku huohuo kunisimulia.

"Ameniambia, Papa, mwenyewe akirudi anachukua chake, haondoki tena. Ameniambia nibaki. Marie, nimjibu nini?"

Mtoto alikuwa na haki. Haki yote ilikuwa kwake. Kama ningesema rudi, ningekuwa nimemwibia. Nikamwambia afanye vile roho yake inataka, nikakata simu, nikakaa chini jikoni na kizibao chake mwilini nikalia kama mtoto. Wiki nzima tuliongea mambo ya hali ya hewa tu.

Tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi ya kurudi ilikuwa Jumapili. Ruphin akaja na gari kunichukua twende uwanja wa ndege, nikakataa. Sikutaka kusimama pale nikitazama mlango unatoa watu wa wengine. Nikamwambia aende peke yake, akimkosa asinipigie simu, arudi tu nyumbani kwake alale. Mimi nina kazi, ni Jumapili, magari sitini.

Na yalifika kweli. Jua la baridi lilikuwa zuri, familia zimejaa ufukweni, Pontien ananipigia kelele kutoka ng'ambo kwamba nimeziba njia. Alasiri nikaona gari linarudi nyuma vibaya kwenye nafasi ya mwisho ya laini. Nikaenda nyuma yake bila kutazama ni la nani, mikono juu, kuja, kuja, kata kidogo, basi. Mlango wa abiria ukafunguka. Nikaona kwanza koti, halafu kile kiupara.

Alinitazama kuanzia juu hadi kwenye magoti, kilipoishia kizibao. Macho yalikuwa mekundu ya ndege, au ya kitu kingine.

"Mama," akauliza, "hii laini ni ya nani?"

"Ni yangu," nikasema. "Mpaka mwenyewe arudi."

Baadaye, tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa pakingi na chipsi alizotununulia Ruphin, aliniambia alichomjibu mtoto. Alimwambia, nimeuona mtaa wako, mwanangu, nimeona bibi anayekupandishia chakula na watu waliojaa ukumbi. Wewe una macho mengi. Kule nimeacha mtu mmoja amesimama peke yake kwenye baridi, ananiangalizia. Irakoze alilia, kisha akasema yule mtu naye aje, mwaka ujao, wote wawili.

Léonce akanyoosha mkono apewe kizibao. Nikamnyima. Nikamwambia akae hapo amalize chipsi, bado kuna magari ishirini hayajatoka, na yote ni yangu.