Maneno Mekundu kwenye Skrini

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifundisha kompyuta katika chuo kidogo pale Nkubu, na mkuu wa chuo alikuwa amenipa hadi Ijumaa. Nisipomwonyesha kwamba somo la kuandika programu lina maana, angelifuta, wanafunzi wangu warudi kupiga chapa. Kupiga chapa! Na mmoja wao alikuwa amehama kwao Kibirichia, akapanga chumba, kwa ajili ya somo hilo tu.

Nilitaka kutengeneza ukurasa wa kivinjari ambamo mwanafunzi akibandika programu yake, maneno ya amri yanajipaka rangi, asipotee katika msitu wa herufi nyeusi. Siku tatu ulinikatalia. Badala ya rangi, ulinitapikia zile alama zangu za kuagizia rangi, wazi wazi, katikati ya programu. Niliitukana mashine kwa Kimeru. Alhamisi ndipo nikagundua: nilikuwa napaka rangi kwanza, kisha nasafisha alama zinazokivuruga kivinjari, yaani nazigeuza ziwe maandishi matupu, kwa hiyo nasafisha na rangi yangu pia. Nikageuza, nikasafisha kwanza. Wee! Amri zote zikawaka nyekundu. Nilipiga kelele hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja mbio kuuliza nani amefariki.

Ijumaa mkuu akaingia, akainamia skrini, uso ukambadilika.

"Madam, kwani hawa wote wamefeli?"

Sikuelewa. Akaigusa skrini kwa kidole. "Haya makosa yote ni ya nani?"

Jamani! Alikuwa amesahihisha madaftari kwa wino mwekundu maisha yake yote, na mimi vilevile. Kwetu nyekundu ni kosa, basi. Mwanafunzi mmoja akaninong'oneza kwamba hata yeye alikuwa akiyafuta yale mekundu tangu asubuhi. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikafungua faili, nikabadilisha neno moja, nikapakia ukurasa upya. Amri zote zikawa za kijani kwa mpigo.

"Umeandika yote upya?"

"Neno moja tu, Mwalimu."

"Hebu rudia."

Nikaweka buluu. "Tena." Nikaweka zambarau, sasa najidai, maringo yamenipanda kichwani. Akavua koti, akavuta kiti.

"Sogea, Madam. Nionyeshe hilo neno liko wapi."

Somo likabaki. Na kuanzia Jumatatu nilikuwa na mwanafunzi mpya wa miaka hamsini na kitu, mbishi ajabu, anayenyoosha mkono kabla sijamaliza kuuliza swali.