Kiganja cha Bouazza na Mkono wa Chuma

Saa moja asubuhi. Katika ghala la sukari nje kidogo ya mji wa Berrechid, Bouazza Chlaidi anaizunguka paleti iliyojaa katoni, akizigonga moja moja kwa kiganja huku ametega sikio. Roboti inasubiri. Mkono wake wa chuma umeinuka juu, na hautashusha hata katoni moja mpaka yeye amalize.

Katoni ya tatu anaiweka kando. "Hii imevunjika ndani," anasema, na wala habishani na mtu. Inafunguliwa. Koni mbili za sukari, mabonge marefu yaliyochongoka, zimekatika ncha ndani ya karatasi zao za buluu.

Bouazza, 54, amekuwa kuli kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa akishusha katoni mia sita kwa siku, kila moja kilo ishirini na nne, na mgongo ukamlipa inavyostahili: miaka minne alisali akiwa ameketi kitini.

Roboti ilipoletwa mwaka jana, makuli wenzake walipelekwa kufagia na kufunga maboksi. Yeye aliambiwa aiangalie miezi mitatu. Mashine ikishazoea, aende zake. Miloud, aliyeshirikiana naye paleti moja tangu ujana, alimpasulia mbele ya watu.

"Unamfundisha kazi atakayekula mkate wako. Hata aibu huna?"

Bouazza anakiri kuwa neno lile lilimchoma, kwa sababu hata yeye aliliona ni kweli.

Mwezi wa pili wa roboti hapo ghalani, msimu wa posa ukaanza, na malalamiko nayo. Anayekwenda kuposa hubeba koni za sukari, na koni iliyokatika haipelekwi ukweni. Mama mmoja wa bwana harusi alifika ghalani mwenyewe na katoni yake, na hakuja kusalimia.

Kumbe roboti ilikuwa ikinyanyua nzima na mbovu bila kubagua. Makuli walizoea kuzitambua mbovu kwa kuzigonga, lakini hakuna aliyewahi kuiandika kazi hiyo popote, hivyo walipoondolewa ikaondoka nao.

"Nilimwuliza Ami Bouazza walikuwa wakizitambuaje mbovu. Akaniambia, binti yangu, iliyovunjika inachakacha," anasema Ghizlane Ouhaddou, mhandisi wa roboti hiyo. "Kamera zangu hazina masikio. Niliona haya, kusema kweli."

Tangu Bouazza aanze kugonga kabla ya roboti kushusha, katoni zinazorudishwa zimepungua kutoka arobaini kwa wiki hadi tatu. Wiki iliyopita aliitwa ofisini. Alitoka na mkataba wa kudumu, dirham 4,100 kwa mwezi. Mgongo umepata nafuu, na siku hizi anasali amesimama. Furaha yake haifichiki, naye hajaribu kuificha.

Sasa ghala linataka wagongaji wengine wawili, na ameachiwa yeye awachague. Jina la kwanza alilotoa ni la Miloud, ambaye mpaka leo hamsalimii.

Atakubali kweli? Bouazza anacheka.

"Ijumaa nitamfuata kwake, sinia la kuskusi likiwa mezani. Hawezi kunifukuza wakati huo. Nitamwambia kazi imenishinda peke yangu, aje anisaidie."

Anagonga katoni nyingine, anasikiliza, anaipitisha. Kisha anapunguza sauti.

"Yule ana masikio kunizidi. Ila hilo usiliandike, atavimba kichwa."