Siku Niliyoifukiza Nyumba ya Biskuti

Mke wangu kanikataza kuhadithia mkasa huu mbele ya wageni, na kwa kuwa nyinyi si wageni (na yeye mwenyewe kenda Azaiba kwa dada yake), kaeni nikuhadithieni namna nilivyofedheheka Uingereza, mtu mzima mwenye mvi, na wa kulaumiwa ni mie peke yangu.

Binti yetu Salma ni muuguzi huko, na mkuu wake wa kazi, Bi Margaret, alituazima kijumba chake cha shamba tupumzike wiki moja. Nyumba nzuri, wallahi: kuta za mawe, paa la nyasi kavu, na kondoo wanakuchungulia dirishani unapokunywa chai. Salma alikuwa anangojea kupandishwa cheo, na mwenye kauli ni huyo huyo Bi Margaret, kwa hivyo njia nzima wimbo ni mmoja: "Baba, nakuomba, usiguse vitu vya watu. Wewe kula, ulale."

"Kwani mie mtoto?" nikamwambia.

"Mtoto ana nafuu, hutishika," akadakia mama yake kutoka kiti cha nyuma.

Tatizo lilikuwa mbwa. Bi Margaret ana mbwa mkubwa kama ndama, jina lake Biskuti, na ingawa wiki ile kamchukua kwake mjini, harufu kaiacha, imo kwenye zulia, kwenye makochi, mpaka kwenye mapazia. Sasa sisi tuliozoea nyumba zetu za Ghubra hapa Maskati, ambako kila Ijumaa chetezo cha udi kinapitishwa chumba kwa chumba mpaka mito inanukia, utalala vipi humo? Mke wangu akasema tufungue madirisha, yatosha. Lakini mie nilikuwa na siri yangu: udi na ubani nimeuficha ndani ya soksi tangu Maskati.

Siku ya pili asubuhi wanawake wakaenda dukani. Gari halijapinda kona, mie soksi mkononi. Chetezo sina, ila karibu na mlango wa jikoni nikaliona bakuli zito la udongo limewekwa chini, nikasema hili khasa. Mkaa wa kuchomea nyama nikaukuta uani, nikaukoleza ndani yake, nikafunga madirisha yote moshi usipotee bure (hapo ndipo akili iliponiaga), nikautia ubani wote kwa pamoja. Kanzu nikaivua nikaitandaza juu ya kiti ifukizike, nikabaki na msuli kiunoni na fulana, nazunguka na bakuli langu kama napokea bwana harusi.

Ghafla kidude cha darini cha kunusia moshi kikapiga ukelele. Nikapanda kiti nikakivisha kofia yangu, kikanyamaza kidogo, na cha ghorofani kikapokea. Nikakimbilia huko na taulo, cha chini kikaanza upya. Basi nikafungua madirisha yote, moshi ukatoka kwa mkupuo ukapanda kwenye nyasi za paa, na jirani wa ng'ambo akaona nyumba ya Bi Margaret inaungua.

Zimamoto walipofika nipo bustanini, bakuli mkononi, msuli nimeushikilia kwa mkono mwengine, nusu ya kijiji wamejipanga ukutani. Mmoja wa wale zimamoto, pande la mtu, akaniuliza kinaungua nini. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha sekondari kuwa hakuna moto, ni manukato tu. Akalitazama bakuli, akautazama msuli, akaniambia niliweke chini, taratibu.

Na gari la Salma ndiyo linaingia. Mwanangu akashuka, akawaendea zimamoto kuwaomba radhi. Mama yake akanijia mie.

"Baba Salma, bakuli hilo umelitoa wapi?"

"Jikoni, lilikuwa chini."

"Na hayo maandishi ubavuni hukuyaona?"

Nikalizungusha. Limeandikwa Biskuti. Yaani mie niliyekimbia harufu ya mbwa, nimelikumbatia bakuli lake la chakula asubuhi nzima!

Jirani alikwishampigia simu Bi Margaret, na mchana mwenyewe akaja. Nikamwendea kabla Salma hajafungua mdomo: "Kosa langu mie. Huyu alinikataza." Akaingia ndani, akazunguka, akarudi anacheka, akasema nyumba inanukia kama kanisa. Alhamdulillahi, nikaona rangi inamrudi mwanangu usoni.

Kisha akafungua mlango wa nyuma wa gari lake. Biskuti akaruka, akakimbia mpaka kizingitini, akanusa, akapiga chafya moja, akageuka akarudi garini. Akaitwa, akabembelezwa, akatandikiwa nyama mlangoni. Wapi! Na hapo ndipo cheko la Bi Margaret lilipokwisha.

Cheo Salma alikipata, ingawa alingoja zaidi ya wenzake na hajaniambia kwa nini, nami nnaogopa kuuliza. Biskuti mpaka leo wakienda shamba hulala garini. Kwa hivyo nimeapa: nyumba ya watu nikiikuta inanuka, nitaivuta harufu hiyo na kushukuru. Nimetoka Ghubra mpaka Uingereza, nikakaribishwa vizuri, nikaenda kumhamisha mwenye nyumba.