Toa Thelathini, Gawa kwa Mbili

Miaka ile maboti yalikuwa yakishusha wakimbizi ufukweni kila asubuhi, na zahanati yetu ya Ujiji, iliyojengwa kwa ajili ya mitaa miwili mitatu, ikawa ya kila mtu. Wakimbizi sikuwalaumu. Hasira zangu zote nilimwekea mzee mmoja wa dirishani.

Yeye ndiye aliyepima joto na kuamua nani amwone daktari. Ukutani alibandika karatasi: 37.5 kwenda juu, ndani. Chini ya hapo, nyumbani. Sawa. Lakini vipimajoto vya zamani vilishavunjika, na vipya vililetwa na watu wa misaada, ndani ya boksi moja na soksi za sufu. Soksi za sufu, Ujiji! Vipimajoto vyenyewe vilikuwa vya Farenhaiti, sentigredi hamna hata ya dawa.

Siku hiyo mwanangu wa miezi minane alikuwa anawaka. Kumbeba mgongoni ilikuwa kama kubeba jiko la mkaa. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia bila kuniangalia, akamtia mtoto kipimajoto kwapani. Kikasoma 103. Akaandika kwenye kadi: 36.5.

"Mzima kabisa. Nyumbani, binti. Mpunguzie nguo."

"Mzee, hiyo thelathini na sita umeipata wapi?"

"Toa thelathini, gawa kwa mbili. Nilifundishwa na Mzungu kule bandarini, nilipokuwa napima hali ya hewa."

Nikaelewa. Hiyo ni njia ya mkato ya kujua kama uvae sweta au uliache. Kwa jua la Kigoma inatosha. Kwa mtoto, mpaka mzee huyu aridhike, kipimajoto kifike 105, na hapo wengine tunatafuta sanda.

"Ni kutoa thelathini na mbili," nikamwambia, "uzidishe kwa tano, ugawe kwa tisa. Kidato cha pili, mzee. Mwanangu ana thelathini na tisa na nukta nne."

"Kumbe siku hizi kidato cha pili kinatoa madaktari!" Foleni ikacheka. "Mwenzako nimefanya kazi na vipimo kabla hujazaliwa. Pisha wenzako."

Sikupisha. Nilisema, "Basi jipime mwenyewe."

Nadhani alikubali kwa sababu foleni ilikuwa inamtazama. Akajitia kipimajoto kwapani, akasimama kifua mbele kama anapigwa picha. Kikatoka na 98.

"Toa thelathini," nikasema.

"Sitini na nane."

"Gawa kwa mbili."

Akakitazama tena kipimajoto. Akajibu mama mmoja muuza dagaa nyuma yangu: "Thelathini na nne! Yoo, mzee wetu keshapoa!"

"Mtu wa thelathini na nne haandiki kadi," nikasema. "Anaoshwa."

Nilikuwa na adabu siku nyingine, si siku ile. Kicheko kilimtoa daktari ndani. Akaangalia kipimajoto, akaangalia kadi yangu, akamwangalia mzee. Kisha akaikata ile 36.5 kwa kalamu, akaandika 39.4, akaniambia nikae kwenye benchi la mlangoni.

Pale kwenye benchi akanijia mama mmoja wa Kirundi, mtoto amemlalia begani. Alikuwa amerudishwa jana. Akaninyooshea kadi: 36.

"Na huyu wangu, dada?"

Ilibidi nirudi kinyumenyume. Thelathini na sita mara mbili, ongeza thelathini: kipimajoto kilisoma 102. Nikaanza upya, sawasawa. Thelathini na nane na nukta tisa. Usiku kucha huyo mtoto alikuwa na homa hiyo, na mama yake anaambiwa ampunguzie nguo.

"Panda benchini," nikamwambia. "Unaingia kabla yangu."

"Ego," akaitikia kwa Kirundi, akakaa, akaanza kulia bila sauti.

Kisha zikaja kadi nyingine, na nyingine. Za jana, za juzi, zote wazima kabisa. Nilihesabia vidole na vijiti mchangani. Mzee alitoka dirishani, akasimama juu yangu, nikajiandaa kwa matusi.

"Binti," akasema kwa sauti ya chini, "kugawa kwa tisa ni mwisho au mwanzo?"

"Mwisho," nikamjibu, nikampa kijiti. Yule mama wa Kirundi alikuwa ameshatoka kwa daktari, na sasa nilikuwa nimeitwa mimi.