Baridi ya Dawa ya Mutheu

Nilitoka Kitui kwa sababu ya mguu wa dada yangu Mutheu. Alikuwa na kidonda kidoleni kilichokataa kufunga tangu mvua zilizopita, ilhali alijidunga insulini kila siku bila kukosa. Mimi ni mhudumu wa afya kijijini. Tulikuwa tumeambiwa serikali imesogeza dawa za sukari hadi kliniki za mitaani, na kweli dawa alikuwa anaipata. Sasa mbona haponi? Niliogopa, maana sina dada mwingine.

Asubuhi nilifika Kianda, upande wa Kibera anakopanga. Nilimkuta mlangoni, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akanitania kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilicheka, kisha nikaona weusi umepanda hadi kwenye unyayo, na kicheko kikaniishia.

Kabla ya kwenda kliniki tulipitia kwa mwenye bucha, mzee Mnubi mwenye roho safi. Chumba cha Mutheu hakina friji, kwa hiyo mzee humwekea dawa bure kwenye friza yake ya nyama. Akaichomoa chini ya matumbo, imeganda. Mutheu akaifumbata mkononi mpaka ikayeyuka, akajidunga, kama alivyofanya kila siku. Nami sikushtuka, mafunzo yetu yalisema tu iwekwe mahali pa baridi.

Adhuhuri boda boda ilitufikisha kituo cha Kawangware 46, kwenye kliniki ya vidonda. Muuguzi aliuchunguza mguu, akauliza dawa huwekwa wapi.

"Kwa friza ya bucha," Mutheu akajibu kwa fahari. "Si mliniambia niweke baridi? Hakuna mahali ingine iko baridi kama hapo."

"Mama, hii dawa ikishika barafu inaharibika, hata ukiiyeyusha. Hiyo yote umekuwa ukijidunga ni kama maji."

Mutheu hakulia. Aliuliza kama mguu utabaki. Muuguzi akasema aende hospitali kubwa siku hiyo hiyo, na mengine hakuyaahidi.

Nilirudi Kitui baada ya upasuaji. Katika mkutano wa kwanza wa wahudumu, afisa wa afya alitusomea mwongozo uleule: dawa iwekwe mahali pa baridi. Nikainua mkono nikauliza, baridi gani, ya mtungi wa maji au ya friza? Ukumbi mzima ukacheka. Nikangoja wamalize, ndipo nikawaambia mguu wa dada yangu ulikatwa hadi wapi, kwa ajili ya baridi ya friza.