Wembe na Ngazi

Tangu binti yake amwonyeshe zile filamu fupi za zamani zisizo na sauti, ambamo watu huteleza na kugongana ovyo, kinyozi wetu hanyoi mtu runinga ikiwa imezimwa. Amezikariri zote. Kila mtu anapokaribia kuanguka, wembe huinuka kwanza shingoni mwako, ndipo mabega yake hutikisika kwa kicheko.

Leo binti ameweka mpya. Wembe uko kooni mwangu, na kiooni namwona mtu akipanda ngazi na ndoo ya rangi.

"Hii unaijua, fundi?"

"Wapi, ndugu yangu! Ndiyo kwanza naiona!"

Ngazi ikayumba. Akakunja wembe, akautia mfukoni, akavuta kiti kando yangu.

"Povu litasubiri. Tuone kwanza bwege huyu anaangukaje."